Tope la Ndiva ya Suji na Muhula wa Zuhura

Mwanangu Zuhura alikuwa amebakiza wiki chache tu amalize muhula wake kule Uholanzi, nami moyoni nilishajihesabia kuwa nimemaliza kazi. Makanya nzima inajua nani alimpeleka. Chuo chake cha hapa nchini ndicho kilichomchagua akasome muhula mmoja mambo ya maji, hilo silikatai, lakini nauli, makoti ya baridi na mengine yote ni mimi, Hamisi, niliyeishia darasa la nne na kuanza maisha kwa kupakia jasi kwa koleo kwenye malori ya watu. Leo malori ni yangu. Nayasema haya ili mjue kuwa aliyefunga safari siku ile si mtu wa kubabaika ovyo.

Jumatano jioni akanipigia simu, analia. Mwalimu amekataa kazi yake ya mwisho. Alikuwa ameeleza habari za ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu Wapare huko milimani Suji, yanayokusanya maji usiku yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Sasa picha alizobandika ni za kuokoteza mtandaoni. Mwalimu anataka video, watu wenyewe waonekane wakifanya kazi na wasikike wakiongea. Mwisho ni Ijumaa jioni. Asipopeleka, muhula wote hauhesabiki, na mwaka anarudia.

"Baba, tuma mtu Suji."

"Nitume nani? Naenda mwenyewe."

"Wewe? Kupiga video unajua?"

"Nimeendesha lori la tani kumi kwenye makorongo, simu ndiyo itanishinda?"

Alhamisi alfajiri niliondoka Makanya kwa bodaboda, maana kona za kule juu malori yangu hayaziwezi, na pikapu ilikuwa gereji. Nilivaa koti langu la suti na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Mtu anayeonekana mpaka Ulaya hawezi kuvaa kandambili.

Chini kwetu ni vumbi na miiba, ninyi mnapajua. Ukishaanza kupanda, upepo unabadilika kama umefungua friji. Miiba inaisha, migomba inaanza, na kila bonde lina mfereji mdogo unaopita kando ya shamba la maharage. Penye mwinuko mkali kuliko yote dereva alisimama. "Mzee, hapa pikipiki inataka mtu mmoja." Nikashuka, nikatembea. Nilipogeuka kupumua nikaiona Makanya kule chini, nyeupe kwa jasi, kama mtu amemwaga unga. Nilijisikia vizuri. Nusu ya weupe ule ni kazi yangu.

Nilipofika Suji nilisikia baragumu likilia, na watu wanashuka njia moja, wake kwa waume, na majembe na makarai. Nikawafuata hadi kwenye ndiva. Walikuwa wameshaitoa maji yote, limebaki tope zito, na watu wamo ndani hadi magotini. Mwenyekiti wao, Mzee Eliamani, alinipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa Makanya?"

Nikamweleza habari za Zuhura. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Umekuja siku nzuri. Leo ni msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya wote, Mpare gani asiyejua? Likilia baragumu, kila nyumba inatoa mtu. Basi nikaona mambo yameiva. Nikasimama ukingoni, pakavu, nikainua simu.

Sikumaliza hata dakika. Mama mmoja mle topeni, mnene, sauti kama kengele ya shule, akanyoosha mgongo.

"Jamani, yule mwenye viatu vya harusi anayetupiga picha ni nani?"

"Tajiri wa jasi wa Makanya, Mama Nakunda," mtu akamjibu.

"Tajiri gani hana mikono?"

Wakacheka. Kisha wakaanza kuweka majembe chini, mmoja mmoja, wakanitazama. Mzee Eliamani akanisogelea. "Baba Zuhura, siku ya msaragambo hasimami mtu ukingoni. Akisimama mmoja, kazi inasimama."

Mimi nikalijibu jambo lile kama ninavyojibu mambo kwangu. Nikasema, "Hilo dogo, mzee. Niitie vijana wanne, nawalipa vizuri, wafanye sehemu yangu."



"Kumbe amekuja kutununua!" akasema Mama Nakunda.

"Vibarua ni huko kwenye jasi," Mzee akasema taratibu. "Hapa nyumba inaleta mtu wake. Kama haiwezekani, weka simu mfukoni ukanywe chai, urudi Jumamosi, kazi ya wote ikishaisha."

Jumamosi! Ijumaa ikishapita, Zuhura wangu amekwisha. Nilimsikia tena masikioni jinsi alivyokuwa analia. Nikavua koti, nikavua viatu, nikakunja suruali.

"Naingia. Ila nani atapiga video?"

"Nipe mimi hiyo simu," akasema Mama Nakunda, huyo anapanda ukingo, ananawa mikono. "Wewe shika nafasi yangu. Mtu kwa mtu, mwenyekiti, au siyo?"

Mzee akafikiri kidogo. "Mtu kwa mtu. Sawa."

Nikaingia. Tope la ndiva ni baridi, linavuta mguu kama lina mdomo. Kule juu mama yule akageuka mtangazaji wa redio. Anaonyesha mfereji unaoingiza maji, anawahoji wenzake zamu za maji zinakwendaje, halafu ananirudia mimi. "Huyu mnayemwona ndiye baba wa mwanafunzi. Baba Zuhura, inua karai! Hilo si la jasi, hilo linamwagika!" Likanimwagikia kifuani. Wakacheka sana, na mimi nikacheka. Lakini ulizeni Suji yote: vijana wao waliomba kupumzika kabla yangu. Mchana tuliziba tundu la kutolea maji kwa udongo wa mfinyanzi na maganda ya migomba, tukayaacha maji yaanze kuingia.

Usiku ule nililala kwa Mzee Eliamani, baada ya sahani mbili za makande. Mgongo ulikuwa si wangu.

Ijumaa asubuhi ndiva ilikuwa imejaa, maji meupe pee. Walipozibua lile tundu yakatoka kwa ngurumo, yakakimbia mferejini, na mwenye zamu akakimbia nayo sambamba na jembe begani. Mama Nakunda alinasa yote. Tabu ikawa mtandao. Tukapanda kilimani, mimi na yeye, kaduara kale ka kutuma video kakawa kanazunguka, kanazunguka. Nilinyoosha mkono juu mpaka ukafa ganzi. Ilipoingia alama ya kwamba imefika, nilikaa chini kwenye majani yenye umande na suruali yangu ya suti.

"Sasa unakaa nini?" akauliza. "Mkeo amepiga mara mbili nikirekodi. Nenda, ana wasiwasi."

Adhuhuri nilikuwa Makanya, nikawahi swala ya Ijumaa. Jioni simu ikalia.

"Baba, imepita!"

"Alhamdulillahi. Mwalimu amesema nini?"

"Amesema hiyo ndiyo kazi aliyoitaka. Yule mama amewachekesha wote. Nimewatafsiria kila kitu, isipokuwa mawili matatu aliyokutukana."

Nililala kabla ya isha, usingizi wa mtu aliyetua gunia.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote nimenunua mchicha na nyanya zinazoshuka kutoka kule juu, na sikuwahi kujua mfereji una watu ndani yake. Tena kuna mahali pesa yangu, ambayo ni nzuri na nimeitafuta kwa halali, haiwezi kusimama badala yangu.

Juzi Mzee Eliamani alinipigia. Mwezi ujao wanazibua mfereji mkubwa, na nyumba yangu wanaihesabu. Nilitaka kumwambia mimi sina nyumba Suji. Sikumwambia.

"Watu wawili, mzee," nikasema. "Binti atakuwa amesharudi."