Ndege wa Ubaoni

Juzi, huko Munje, bibi harusi alimwomba dada yangu amchoree ndege wa hina mkononi. Dada akamjibu, "Mimi huchora maua tu, mwanangu."

Alasiri moja ya utotoni, chuoni tulikosomea Kurani, wino wa masizi ukinuka moshi, dada alichora ndege ubaoni mwake, pembeni mwa aya. Alikuwa mzuri, mpaka manyoya. Maalim akamsimamisha mbele yetu.

"Umeumba kiumbe kama Mungu, sivyo? Haya, mtie roho. Puliza!"

Dada alipuliza mpaka midomo ikamtetemeka, chuo kizima kikimcheka. Mimi sikucheka. Nilimwamini Maalim, nikakodoa macho nikingoja ndege aruke.

Maalim alipoumwagia ubao maji na kuuinua, ndege hakuwapo. Nikajua ameruka. Nikampigia dada makofi.