Orlin Hakuharakia Kukamua

Orlin Brekke alikuwa mtu wa kuondoka mapema. Ukimwalika harusini atakula, atacheka, atapiga picha na maharusi, na kabla keki haijakatwa utamwona anatafuta kofia yake. "Haya jamani, ng'ombe hawajikamui." Siku aliyomzika mama yake, jioni alikuwa zizini na suruali ile ile ya mazishi. Sisi wafugaji wa Wisconsin wote tuko hivyo, lakini Orlin alizidi. Asubuhi na jioni, theluji ifike dirishani, homa impande, utamkuta na ng'ombe wake.

Basi mfikirie mtu huyo Jumamosi moja ya Aprili, mchana umeshageuka, amekaa kwenye bwalo la chuo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwake, anachota bakuli la pili la aiskrimu kama mtu asiyetakiwa popote. Binti yake Tessa alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akamtazama tena.

"Baba, unaumwa?"

"Niumwe nini? Aiskrimu nzuri hii. Maziwa ya kweli haya."

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anavuta muda. Nyumbani, wakati huo huo, lori la mnunuzi lilikuwa mlangoni mwa zizi lake, na ng'ombe wote, arobaini na kitu, walikuwa wanapakiwa. Orlin alikuwa amejiapia kwamba Tessa hatarudi mpaka lori hilo liwe limetokomea barabarani.

Msimwone katili. Tessa alikuwa amekubaliwa na chuo hicho tangu majira ya baridi, tena kwa ufadhili wa karibu kila kitu. Habari ilipofika, mama yake, Joleen, alilia jikoni kwa furaha. Tessa mwenyewe alisema "vizuri," akavaa buti, akaenda kukamua. Tangu hapo kila akiulizwa anajibu kwamba chuo cha ufundi cha mjini kinamtosha. Atasoma mchana, jioni atakuwa zizini. "Bega lako hilo, Baba, utakamua na nani?" Haambiliki. Na mwisho wa kutoa jibu ulikuwa tarehe mosi Mei.

Maneno hayo Orlin aliyajua, kwa kuwa aliwahi kuyasema mwenyewe. Na yeye ujanani alikubaliwa chuo, akasomee upimaji wa ardhi. Baba yake akaanguka kutoka darini mwa ghala la nyasi, akavunjika nyonga, Orlin akasema nitakaa msimu mmoja tu, mzee apone. Mzee hakupona sawasawa, na msimu ule haujaisha mpaka leo. Sasa bei ya maziwa imeanguka, majirani wanafunga mazizi mmoja mmoja, bega limekufa, halafu mtoto mwenye akili kama ile anataka kujifunga kamba ile ile. Orlin akaona hapana. Akatafuta mnunuzi wa kundi zima, akachagua siku ambayo chuo kinawaita waliokubaliwa waje kukiona kabla ya kuamua. Akamwambia Tessa, "Twende tukakione tu. Ukikataa, ukatae kitu unachokijua."

Joleen alipinga tangu mwanzo. "Mwambie mtoto. Wale ng'ombe ni wake kuliko wako."

"Nikimwambia hataondoka hapa."

"Basi asiondoke. Lakini usimfanyie hivi, Orlin. Hatakusamehe."

Hakusikia. Alikuwa mpole kwa kila kiumbe, ila akishakata shauri, ongea na ukuta.

Na kweli ng'ombe walikuwa wa Tessa, hasa Lefse. Alimpa jina la ule mkate mwembamba tunaokula Krismasi, kwa sababu alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia, kama mkate huo unavyobabuka kwenye chuma cha kuokea. Alimnywesha kwa chupa tangu ndama huyo alipofiwa na mama yake, akampeleka maonyesho ya wilaya, akarudi na utepe wa ushindi. Lefse alipokua akawa kiongozi wa kundi. Anakokwenda yeye wote wanafuata, na yeye alifuata sauti ya mtu mmoja tu. Jioni Tessa akisimama uani akapiga ule mwito wake mrefu, ungewaona wanateremka kilimani kwa mstari.

Asubuhi ile chuoni ilianza vizuri, hilo lazima niseme. Walivishwa kadi za majina zenye utepe wa rangi ya chuo. Ya Tessa ilikuwa na jina lake. Ya Orlin iliandikwa "Mzazi wa Tessa," naye akawa anaishikashika kama medali. Kijana wa kuwatembeza wageni alitembea kinyumenyume njia nzima, akiwaonyesha maktaba na mabweni.

"Huyu akija kwangu," Orlin alimnong'oneza bintiye, "hafiki mlangoni hajakanyaga mavi."

Tessa akacheka mpaka akaziba mdomo. Orlin alikuwa hajamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, akajisemea moyoni kwamba amefanya la maana.

Kisha wakatenganishwa, kama ilivyo desturi: wanafunzi wakapelekwa maabara, wazazi wakakalishwa ukumbini kuelezwa habari za vyakula na bima. Mama mmoja alikuwa anauliza kwa mara ya tatu kuhusu maegesho ndipo simu ya Orlin ikatetemeka. Akatoka nayo ukumbini, akasimama kando ya dirisha kubwa.

"Hawapandi," Joleen alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume, na kwato zikigonga bati. "Lefse amesimama mbele ya ule ubao wa kupandia, amekaza miguu, na wenzake wote wamerundikana nyuma yake. Dereva ameanza kumchoma na fimbo ya umeme."

"Mwambie aache."

"Nimemwambia. Anasema ana safari nyingine. Mvua inanyesha, ubao unateleza. Orlin, nipe mtoto. Nitaweka simu kwa sauti kubwa, awaite mara moja tu. Watapanda."

Ng'ambo ya ua, kupitia kioo, Orlin alimwona Tessa. Alikuwa ameinamia darubini, akainua kichwa, akamwambia neno binti aliyekuwa pembeni yake, na wote wawili wakacheka. Akageukia tena darubini kwa pupa, kama mtu mwenye njaa.

"Hapana," Orlin alisema. "Sasa hivi siwezi. Jaribuni ndoo ya nafaka."

"Ndoo tumeshajaribu! Wewe mwanamume, nakuomba."

"Nimesema hapana, Joleen."

Joleen akakata simu. Hapo ndipo na mimi nashindwa kumtetea. Kuuza aliuza kwa mapenzi, kuficha alificha kwa mapenzi, sawa. Lakini simu alikuwa nayo mkononi na mtoto yuko mbele ya macho yake.

Ndiyo hiyo aiskrimu sasa. Simu haikulia tena, na Orlin hakuthubutu kupiga yeye. Akala bila kusikia ladha.

"Baba, twende," Tessa alisema. "Tutachelewa kukamua."

"Mama yako kapata mtu wa kumsaidia. Mzee Gundy."

"Gundy? Hata kamba za viatu vyake hawezi kufunga."

"Tukatazame uwanja wa mpira, basi."

"Mimi na mpira wapi na wapi?"

"Maktaba."

"Tumeiona, Baba. Ulimuuliza yule kijana kama kuna mtu ameshavisoma vyote." Alikuwa anatabasamu, halafu tabasamu likamtoka. Akasukuma sahani pembeni. "Sikia. Nimekipenda, umefurahi? Nimekipenda sana. Mwalimu alinionyesha damu ya ng'ombe kwenye darubini, akaniuliza ninaona nini, nikamwambia, akakaa kunisikiliza mimi. Ndiyo maana nataka tuondoke. Nikizidi kukaa hapa nitashindwa kukataa."

"Usikatae."

"Na ng'ombe?"

Orlin alikuwa ameipanga hotuba ya jambo hilo kwa majuma. Ilimruka yote.

"Hakuna ng'ombe, mwanangu. Nimewauza. Wanaondoka leo."

Tessa alisubiri aone kama ni mzaha. Meza ya jirani, familia moja ilikuwa inapiga picha na mtu aliyevaa vazi la dubu, nembo ya chuo, wakipiga makofi.

"Na Lefse?"

"Mnunuzi alitaka kundi zima."

Hakulia wala hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali la mfugaji. "Nani anawapakia?"

Orlin akakoroga aiskrimu iliyoyeyuka.

"Baba, nani anawapakia? Lefse hapandi lori kwa mtu mwingine. Unajua hapandi."

Akaichukua simu yake mwenyewe, akampigia mama yake. "Mama, niweke kwa sauti kubwa, niwaite." Kisha akasikiliza. Alisikiliza kwa muda, kiganja kimebana meza. Orlin hakuyasikia maneno ya Joleen, ila aliisikia sauti, tambarare, bila kupanda wala kushuka, akajua kwamba mambo yameharibika. Tessa akaishusha simu polepole.

"Ameteleza kwenye ubao," alisema. "Mguu ukavunjika sehemu mbili, asiweze kuinuka. Mama amempiga risasi mwenyewe, hakutaka dereva amguse." Akaiweka simu mezani. "Anasema alikupigia kabla."

"Ndiyo."

"Akaomba niwaite."

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale dirishani, kwenye ukumbi. Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unacheka."

Tessa alimtazama baba yake, na Orlin akatamani apigwe, atukanwe, chochote.

"Ningewapakia mwenyewe," alisema. "Ungeniambia, ningelia wiki nzima, ningekuchukia wiki nzima, halafu ningewapakia mmoja mmoja, na asingeumia hata mmoja. Hujui hilo, Baba? Umeishi na mimi miaka yote hii, hujui hilo?"

Orlin akachukua kofia yake mezani.

Waliendesha kurudi, mvua ikipiga kioo. Kadi za majina zilikuwa bado shingoni mwao. Hakuna aliyekumbuka kuzivua. Walipofika uani giza lilikuwa linaanza kuingia. Joleen alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni na buti zake za matope, hajaingia ndani. Kando ya mlango wa zizi palikuwa na turubai la buluu, limekandamizwa kwa matofali. Tessa alikwenda akaondoa tofali moja, akainua pembe ya turubai, akapiga magoti matopeni, akaweka mkono chini yake. Alikaa hivyo mpaka nguo zikalowa. Wazazi wake hawakumsogelea.

Aliporudi alipita mbele ya Orlin, akasimama kwenye ngazi.

"Nitakwenda hicho chuo," alisema. "Kesho nitawajibu. Krismasi msinisubiri."

Akaingia ndani. Majira yote ya baridi Orlin alikuwa analisubiri neno hilo, nitakwenda. Alikuwa amelifikiria akiwa anakamua, akilala, akiendesha trekta, jinsi litakavyotamkwa na yeye atakavyolipokea. Sasa limetamkwa, na moyo wake ulimuuma kuliko bega.

Alisimama uani kidogo. Kisha, kwa kuwa ilikuwa jioni, miguu ikampeleka zizini yenyewe. Akawasha taa. Akatazama vizimba vitupu na minyororo iliyoning'inia, akanyoosha mkono akawasha pampu ya kukamulia, nayo ikaanza kuvuma kama kawaida. Joleen aliisikia kutoka nje. Akainuka, akaenda, akaizima, akamshika mumewe mkono.

"Njoo ule," alimwambia.