Tembe Aliyeitwa Jogoo

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hunirudisha jikoni kwetu, katika kijiji cha baridi huko milimani Iringa, mwaka ambao dada yangu alipata kipaimara. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na kuku wangu mwenyewe, niliyemlea tangu akiwa kifaranga. Mama yake alikuwa kuchi, aina ya kuku warefu wenye maungo makubwa, kwa hiyo naye alikua na miguu minene na shingo ndefu, na kila aliyepita uani alimwita jogoo. Mimi nilijua si jogoo. Nilimshika kila jioni. Manyoya ya shingoni mwake yalikuwa mafupi, yenye ncha za duara, wakati madume wa umri wake walishaota marefu yaliyochongoka na kung'aa. Wiki ya sherehe ya kipaimara kilemba chake kilianza kuiva wekundu, naye akawa anaingia chini ya kitanda changu kuchakurachakura, akitafuta pa kulalia. Alikuwa tembe, jike ambaye hajataga bado, tena karibu kutaga.

Baba alikuwa bado Madibira kwenye mavuno ya mpunga, kwa hiyo msemaji wa shughuli akawa kaka yake, Baba Mkubwa, aliyefika kutoka mjini na koti lake na tai. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akamnyooshea kuku wangu kidole, akamwambia Mama.

"Shemeji, chinja hilo jogoo. Limeshakomaa."

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nikasema. "Huyu ni tembe. Tazama shingo yake."

"Huoni kilemba kilivyo chekundu? Mtoto unajua nini wewe?"

Hakumshika kuku. Hata kuinama hakuinama. Nilimgeukia Mama, naye Mama akaigeukia sufuria.

Kuku wangu akachinjwa. Mama alipompasua, mkono wake ulisita. Ndani kulikuwa na viini vya mayai vimeshikana, vingine vidogo kama punje za mtama, na nyuma yake yai zima lenye ganda laini.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini ni shemeji yangu, mwanangu. Ningembishia mbele ya wageni?"

Baba Mkubwa alikuja kuchungulia, akacheka. "Kumbe! Basi, nyama ni nyama." Akaagiza nipikiwe vile viini ili niache kununa. Nilikataa kula, na mbele ya wageni wote nikaambiwa sina adabu. Aliyekosea alikula akashiba. Aliyesema kweli alipelekwa kuosha vyombo. Nimekua, nimezaa, na hasira ile bado ninayo. Wala sioni kwa nini niiache.

Sasa naishi Mbeya na ninafuga kuku. Mwezi uliopita nilitenga madume, binti yangu wa miaka minane akadakia, "Mama, huyo ni jike!" Maneno yalishafika mdomoni: unajua nini wewe? Niliyameza. Nikachuchumaa, nikamwambia anionyeshe. Alikuwa amekosea, nikamshikisha manyoya ya shingoni, akayapapasa, akakubali mwenyewe, akakimbilia kucheza.

Ilituchukua kama dakika moja. Dakika moja tu, na mtu mzima mwenye koti na tai, mbele ya nyumba nzima, hakuwa nayo ya kunipa.