Kisanduku Nilichokijaza Mezani

Ipo siku moja ya kliniki ninayoikumbuka mpaka leo, hadi kitenge nilichokuwa nimevaa. Kilikuwa cha kijani, kipya, na kilinikaa vizuri. Usicheke, mwanangu, hata mimi niliwahi kuwa msichana. Nilikuwa muuguzi mpya katika kituo kimoja cha afya wilayani Ngara, upande wa Bugarama, na siku hiyo nilisimama mbele ya mabenchi yaliyojaa akina mama wajawazito. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi kubwa niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Ilikuwa na visanduku vinne.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja kuniaga kwamba unakwenda kuanza kazi ya afya kule Runazi, ukanionyesha hicho kishikwambi ulichopewa, na ndani yake nikaviona visanduku vyangu vilevile. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu. Unavijua, lakini acha nivitaje, maana navipenda. Cha kwanza, mtu aamini kwamba hatari inaweza kumpata yeye mwenyewe. Cha pili, aamini kwamba hatari hiyo ni kubwa kweli. Cha tatu, aone faida ya kufanya kile unachomshauri. Cha nne ni vikwazo, yaani yale yanayomzuia hata kama mengine yote ameyakubali. Chuoni nadharia hii niliipatia alama za juu kuliko wenzangu wote, na nilirudi nyumbani Biharamulo mjini nikitembea katikati ya barabara.

Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Babu zake walitoka pwani, na sisi watoto wa nyumba ile tulijiona wenye Kiswahili chetu. Basi siku ile nilikimwaga. Nikaeleza kutokwa damu, nikaeleza uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, nikaeleza kwa nini kila mama ajifungulie kituoni. Akina mama wale, ambao nyumbani kwao husema Kihangaza, walinitazama kwa adabu kubwa. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia, "Tumeelewa!" Wakapiga makofi, nami nikaenda kula mchana nikiwa nimeshashiba sifa.

Miezi ikapita, na waliokuja kujifungua walikuwa wachache kama zamani. Mkuu wa kituo akaniagiza niandike ripoti ya sababu. Nikakaa mezani, nikafika kwenye kisanduku cha nne, nikaandika bila kuinua kichwa: umbali, na uelewa mdogo. Chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomaliza.

Katika wanawake wale alikuwapo mmoja aliyeitwa Adela. Uzazi wake wa kwanza alijifungulia nyumbani, akatokwa damu nyingi, akapona kwa rehema za Mungu tu. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Huyu ndiye niliyemng'ang'ania. Hakukosa kliniki hata moja, alikaa benchi la mbele, na kila swali nililouliza alilijibu. Nilimwambia, "Adela, safari hii ukijifungulia nyumbani unaweza kufa. Utakuja?" Akainamisha macho, akasema, "Ndiyo, dada." Ile ndiyo niliipokea nikaridhika nayo.

Jumapili moja watu wanatoka misa, wanaume wanne waliingia kituoni wakiwa wamebeba machela ya miti. Juu yake alikuwa Adela. Alikuwa amejifungulia nyumbani, mtoto mzima, lakini yeye mwenyewe damu ilikuwa haikatiki. Tulimtundikia maji, tukampa dawa tuliyokuwa nayo, gari likamkimbiza hospitali. Alipokuwa anapakiwa alinitazama, midomo imekuwa myeupe, akasema, "Nisamehe, dada." Eti mimi nimsamehe yeye.

Gari lilipoondoka nikageuka na hasira zangu. Pale barazani alikuwa amesimama mama mkwe wake, Bibi Veneranda, rozari shingoni, mtoto mchanga amemfunika kwa khanga. Nikampigia kelele mbele ya watu. "Wewe mama, unataka kumuua mkamwana wako? Nimemfundisha mwenyewe, kliniki amemaliza, bado mnamzalisha nyumbani kama hamna akili!"

Hakupandisha sauti. Alimweka mtoto vizuri kifuani, akanitazama, akasema kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, "Kwanza, hujaniamkia."

Nikasema kwa shida, "Shikamoo."

"Marahaba. Adela hana kosa. Yote unamfundisha, anakuja ananieleza, yote. Mimi ndiye nimemkataza. Wewe, mimi umeniuliza lini?"

Akaendelea, sasa taratibu, kama anayeongea na mtoto. "Mke wa mwanangu mkubwa alizalia hapahapa. Nikaomba kondo la nyuma, nikazike kwenye migomba yangu kama nilivyozika la baba wa mtoto. Nikafukuzwa. Nikaambiwa wametupa shimoni pamoja na bandeji chafu. Sasa wewe umesoma. Niambie, mjukuu wangu yule kwao ni wapi?"

Mwanangu, niliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke niingie. Kwa sababu nililijua jambo lile. Nyuma ya duka la baba, karibu na kisima, ndipo bibi yangu alipozika kitovu changu. Kila Idi alikuwa akinionyesha pale kwa kidole na kuniambia nisisahau kwetu. Lau kama ningemuuliza Bibi Veneranda swali moja tu, ningemwelewa kabla hajamaliza kusema. Lakini nilikuwa na kalamu mkononi na majibu yangu tayari.

Adela alipona. Mumewe alimtolea damu, na baada ya siku kadhaa Adela akarudi nyumbani akiwa mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta. Mkuu wa hospitali alituandikia kwamba mimba nyingine lazima iishie mikononi mwa wakunga. Adela alikuwa bado msichana mdogo na wote tulijua mimba nyingine itakuja. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Nikafungua daftari langu la chuo. Kwenye ukurasa uliofuata ule wa visanduku kulikuwa na nadharia nyingine, kwamba mtu kabla ya kutenda huwatazama wale ambao neno lao lina uzito kwake. Niliwahi kuuruka kwa sababu mwalimu alisema hautakuwa kwenye mtihani. Niliusoma mara mbili, nikavaa viatu, nikaenda kwa Bibi Veneranda. Ule umbali niliouandika kwenye ripoti niliutembea mwenyewe. Lilikuwa bonde moja na mlima mmoja, na nilifika nikiwa bado na pumzi ya kutosha kusema shikamoo.

Alikuwa anapukuchua maharage. Hakunikaribisha kwa maneno mengi, alinisogezea kigoda na ungo. Nikapukuchua naye mpaka vidole vikauma, ndipo nikauliza, "Bibi, nini kingekufanya umlete Adela wewe mwenyewe?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nirudishiwe kilicho changu. Na mimi niwepo pale, nisikae nje kama mgeni."

Basi, ni hayo tu! Nami nilikuwa nimejiandaa kuomba serikali barabara.

Mkuu wa kituo alikataa mara ya kwanza, akataja maambukizi, na kwa hilo hakukosea. Tukabishana kwa wiki nzima. Mwishowe tukaafikiana: familia inayotaka italeta ndoo yenye kifuniko, mkunga atalifunga kondo vizuri na kulikabidhi, litazikwa siku hiyohiyo kwenye shimo refu, na mikono itaoshwa kwa sabuni. Na ndani ya wodi pakawekwa benchi la mama wakwe. Kisha nikaita kikao kingine, safari hii cha mama wakwe peke yao. Karatasi yangu ya rangi niliiacha ofisini. Bibi Veneranda ndiye aliyesema, kwa Kihangaza, nami nilikaa nyuma bila kuelewa hata nusu. Hawakupiga makofi. Walimuuliza maswali mpaka mvua ikaanza, na hapo nikajua kwamba safari hii wamesikia.

Mimba nyingine ya Adela ilikuja. Mwezi wake ulipofika nilikuwa nachungulia langoni kila baada ya muda mfupi, kwa hofu. Asubuhi moja, nyasi zikiwa bado na umande, niliwaona. Mbele alikuwa Bibi Veneranda, kichwani ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko. Nyuma yake Adela, mkono kiunoni, na mumewe akisukuma baiskeli iliyofungwa mzigo. Nilimwamkia bibi kutoka mbali, nikipaza sauti kama mwendawazimu.

"Marahaba," akasema. "Leo nimefika kabla hujamaliza chai yako."

Adela alitokwa damu tena, mwanangu. Lakini sindano ilikuwa tayari, wakunga wawili walikuwa naye, na mama mkwe wake alikuwa amemshika mkono. Damu ikakata. Mtoto alikuwa wa kike. Kisha mkunga akaleta ndoo, na yule mama aliyewahi kufukuzwa akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo kwa mlango wa mbele, polepole, ili kila aliyekaa kwenye mabenchi amwone. Nimepata vyeti vingi katika kazi hii, viko kabatini. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mwendo wa yule bibi siku ile, na nililia mbele ya wagonjwa.

Adela mwenyewe sasa ni mama mkwe. Juzi alinitumia picha kwa simu, amesimama mlangoni pa wodi, ndoo mkononi, anacheka.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuite. Nadharia zako zibebe, wala usimruhusu mtu azidharau, mimi zimenisaidia maisha yangu yote. Ziliniambia mahali pa kuuliza, ila mimi nikaona uvivu kuuliza. Ukifika Runazi, visanduku vitatu vya mwanzo vijaze ukipenda. Cha nne kiache wazi mpaka ufike kwenye nyumba ya watu, uamkie, ukae, upewe ungo. Na ukishamfundisha mke, uliza nani mwingine mle ndani anayepaswa kukubali, umwendee huyo pia. Ukiambiwa "tumeelewa" kwa sauti moja, usiende kula bado.

Nenda, mwanangu, nakuachia baraka zangu zote. Mungu akulainishie ulimi wako na ayafungue masikio yako zaidi ya ulimi. Kila nyumba utakayobisha hodi wakukaribishe ndani. Na siku na wewe utakapokuwa na uchungu wa uzazi, awepo kando ya kitanda chako mtu aliyeulizwa mapema.