Mshtuko wa Gia ya Pili

Nilinunua ile pikipiki nikiwa na miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyenipongeza. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, yenye masanduku ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Aliyeniuzia ni msafiri aliyechoka na barabara, akaamua kurudi kwao kwa ndege. Mimi ni afisa ugani. Nilikuwa nimezunguka mashamba ya viazi ya Mbeya miaka mingi kwa pikipiki ndogo ya ofisi, kwa hiyo kuendesha hakukunitisha.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Iringa.

"Hiyo itakuua," alisema.

"Ya ofisi haikuniua."

"Ile ilikuwa ndogo."

"Basi na mimi nimekua."

Miezi miwili baadaye ikaanza vituko. Nikiachia resi kwenye tuta, kisha nikaivuta tena polepole, injini ilinyamaza kidogo, halafu ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Gia ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja pale Iyunga, kwenye foleni, iliruka hivyo hivyo na tairi la mbele likagonga bampa la lori. Dereva akachungulia dirishani.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike."

Nilienda nyumbani kweli, lakini sikupumzika.

Fundi wa Iyunga alibadilisha plagi na kusafisha chujio la hewa. Haikusaidia. Akajifuta mikono, akaniambia, "Dada, hizi zinazopulizia mafuta kwa kompyuta ni mateso. Tuitoe kompyuta, tufunge kabureta, utaishi kwa amani."

Nikakataa. Nikaenda kwa mwingine, Mbalizi. Huyo alisema kompyuta imekufa, na alisema hivyo kabla hajashika hata spana.

"Umejuaje?"

"Zote zinakufaga hivyo."

Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka. Mkulima akiniambia viazi vyake vinanyauka, siamui ni ugonjwa gani nikiwa bado barabarani. Nang'oa shina, natazama mizizi. Kwa nini chuma kipewe heshima ndogo kuliko kiazi?

Wiki nzima niliandika kwenye daftari: gia gani, injini ya baridi au ya moto, tambarare au mlima. Kwa mwendo wa kasi haikuwa na neno. Ilishtuka tu pale nilipotoka kwenye kufunga resi kabisa kwenda kuifungua. Kompyuta iliyokufa haiwezi kuchagua hivyo, nikajiambia.

Jumamosi nikaiegesha uani. Kwanza nikazungusha resi taratibu, injini ikiwa imezimwa. Mkono wa resi ulizunguka sana bila kuvuta kitu: waya wake ulikuwa umelegea. Nikaukaza, nikabakiza nafasi ndogo tu, kisha nikazungusha usukani kushoto na kulia kuhakikisha haujivuti wenyewe. Cheni nayo ilining'inia. Nikairekebisha kwa kipimo kilichobandikwa karibu na gurudumu la nyuma. Nikatoka kuijaribu. Nusu ya mshtuko ilikuwa imekwisha. Nusu ilibaki.

Jirani alinikuta nimelala chini, sketi imejaa grisi, suruali ndani.

"Si umpe fundi?"

"Nimeshampa. Wawili."

Nikaiwasha, nikaiacha ingurume mpaka ipate joto, nikajaza maji kwenye chupa ya kupulizia dawa. Nikapuliza kidogo kidogo kwenye mipira inayounganisha njia ya hewa na injini. Mpira wa kwanza, hakuna kilichobadilika. Wa pili, mngurumo ukabadilika. Nikapuliza tena, ukabadilika tena. Nilipoufungua nikaona ufa mwembamba upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Hewa ilikuwa ikipenya hapo bila kupimwa, na kompyuta ya watu ikapakaziwa.

Mpira mpya uliletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Nilipoufunga, nikaenda Mbalizi na kurudi kwa gia ya pili, tuta baada ya tuta. Ilivuta laini. Nilipiga kelele ndani ya kofia yangu, peke yangu, kama kichaa.

Mwisho wa wiki hiyo nikaenda Iringa. Nilipopandisha kilima cha mjini na kuingia uani kwetu, mama, ambaye ana miaka zaidi ya sabini, alitoka na kitenge begani, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mwanangu. Ndiyo hii?"

"Kamwene, mama. Ndiyo hii."

Aliizunguka, akagusa kiti cha nyuma. "Nipandishe."

"Mama!" kaka akafoka kutoka mlangoni. "Mwanamke wa kanisani!"

"Hata kanisani nitapita," mama akamjibu.

Nikamvika kofia. Tukatoka polepole, mikono yake imenikaza kiunoni, na mbele ya kanisa la Walutheri akaniambia nipige honi. Nikapiga mara tatu.