Mughwai na Mdomo wa Kambare

Mughwai alirudi Mtinko kutoka mashamba ya mkonge ya Kilosa akiwa na baiskeli, blanketi mbili na hamu ya samaki. Huko Kilosa alizoea kula perege wabichi. Kwao watu walikula ugali wa uwele kwa mlenda na maziwa, na samaki aliyefika mnadani alikuwa mkavu kama gome la mti. Basi, wakati nchi ingali changa katika uhuru wake, akaanza kuchimba bwawa chini ya nyumba yake, penye chemchemi ndogo isiyokauka hata kiangazi.

Majirani walidhani anachimba kisima. Alipowaambia ni bwawa la samaki walicheka, kisha wakamsaidia kubeba udongo, maana nao walitaka kuona.

Perege wadogo aliwaomba kwenye bwawa la misheni. Aliwafunga ndani ya debe nyuma ya baiskeli, akawa anasimama njiani mara kwa mara kuyakoroga maji kwa mkono ili wapate hewa. Waliofika hai walitosha kuanzia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Wa pili ukaleta maswali. Perege walizaana hata uso wa maji ukawa unatetemeka mchana kutwa, lakini hakuna aliyekua kuzidi kidole. Mkewe, Damari, aliwamwaga kwenye kikaango akawatazama.

"Baba Esta, hawa ni samaki au dagaa?"

"Ni perege."

"Basi hawajui kwamba ni perege."

Mughwai hakukasirika. Alianza kushinda kandokando ya bwawa, akitupa pumba na kuangalia. Siku moja alimvua jike, na jike lile likatema mkononi mwake vitoto vingi, vidogo kama punje za uwele, vyote vizima. Kwanza alidhani samaki anakula watoto wake. Alipovirudisha majini pamoja na mama yao, aliona vinakimbilia mdomoni mwake kama vifaranga chini ya bawa. Usiku ule alimweleza Damari jambo hilo mara tatu. Watoto waliolindwa namna ile walikuwa hawafi, na bwawa lilikuwa dogo.

Baadaye akapita Urbano, bwana samaki kijana wa wilayani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama hawa, uniambie wana ugonjwa gani."

Urbano alichota wachache kwa kikapu. "Hawana ugonjwa. Wamezidi chakula. Tulifundishwa kwamba unaweza kumtia samaki mwingine anayekula wadogo, wakubwa wakapata nafasi. Kambare, kwa mfano. Lakini hapa wilayani sijamwona mtu aliyejaribu."

"Awe na ukubwa gani huyo kambare?"

Urbano alifikiri. "Hapo sina hakika, mzee. Tujaribu."

Kambare walikuwepo. Kiangazi, mbuga ya majimaji ilipokauka, wachungaji waliwachimbua kwenye tope kama viazi. Laurenti, jirani yake mfugaji, alimletea wawili wenye urefu wa mkono mzima, wangali wanapinda mkia. Mughwai akawatia bwawani.

Masika yalipokwisha, maji yalikuwa yametulia kupita kiasi. Walipovua walikuta kambare wawili wanene na perege wazee wachache tu, waliojificha kwenye majani.

"Umelaza fisi kwenye zizi la mbuzi," Damari alisema, akachukua kisu.

Alipompasua kambare wa kwanza, Mughwai alimzuia asitupe utumbo. Alilifungua tumbo lile kwa ncha ya kijiti, akapanga perege waliokuwamo juu ya jani. Wote walikuwa wamemezwa wazima. Akachukua kichwa cha kambare, akapitisha vidole mdomoni, kisha akampitisha perege mmoja baada ya mwingine. Perege mpana, mmoja wa wale wazee, alikwama.

"Hatafuni," alisema taratibu. "Anameza. Asiyepita mdomoni amepona."

Urbano aliporudi, perege wazee waliobaki bwawani walikuwa wamekwisha kuzaa upya. Yeye na Mughwai walikaa chini wakabishana vizuri hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: waache kwanza perege wapanuke kama kiganja, ndipo watiwe kambare wachanga wasiozidi shubiri, tena wachache. Hao wangemeza vitoto na kuwaacha wazazi. Na kambare akishanenepa atolewe, aliwe, atiwe mdogo mwingine.

Safari hii perege walijaa sahani. Damari aliwapika kwa nyanya na karanga, akawapelekea majirani waliobeba udongo. Kambare yeye hakumla kamwe. Alisema hawezi kutafuna kitu chenye ndevu.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kaya zote za bonde lile zilitakiwa kukaa pamoja karibu na barabara, na bwawa haliwezi kupakiwa kwenye lori. Mughwai alizunguka ukingo wake asubuhi nzima. Halafu akaomba madebe kwa Laurenti, akaanza kuchagua: perege wapana kwenye debe moja, kambare wachanga kwenye jingine, mbalimbali.

Kijiji kipya kilikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Philipo, mwenyekiti, alitaka samaki wote wamwagwe siku ile ile, watu wapate kitoweo mapema.

"Perege leo," Mughwai alimwambia. "Kambare wangoje. Tukiwachanganya sasa, tutakula kambare wawili na kukaa na maji."

Philipo aliuliza kwa nini, akaonyeshwa mdomo wa kambare, naye akatia kidole mwenyewe. Wakangoja hadi perege walipopanuka, ndipo kambare wakatiwa. Msimu uliofuata kila kaya ilipata perege wa kutosha chungu, na Mughwai aliitwa Bwana Lambo.

Asubuhi moja ya mvua kubwa, Elizabeti, mke wa Philipo, alimwita Mughwai kwa nguvu kutoka njia ya shambani. Kambare alikuwa ametoka lamboni, anajivuta juu ya majani mabichi kwa mapezi yake, anateremka.

"Mkamate, baba, anakimbia."

"Mwache," Mughwai alisema, akakunja suruali. "Nataka kujua anakwenda wapi."

Akamfuata nyuma polepole, mvua ikimpiga mgongoni.