Neno Lisilosemwa Nyumbani kwa Masi

Majumba ya Michenzani yalipoanza kupanda, mimi nilikuwa karani kwa wajenzi wa Kijerumani, na nilijiona mtu mkubwa. Nilivaa suruali ya pasi kwenda kuhesabu mifuko ya saruji. Mkalimani wao, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa amesomea lugha za kale kabla ya kutupwa kwenye vumbi letu, na mchana tulipokaa kivulini kula muhogo alinifundisha kazi yake ya kweli.

Alisema Kijerumani, Kiingereza, Kirusi na lugha nyingi za India zina bibi mmoja, ambaye hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Ukitaka kumjua unachukua neno, unawauliza wajukuu wote wanalisemaje, kisha unatazama wapi wanakubaliana. Akachukua kijiti akaandika mchangani neno la mjane. Kwao ni vitve, Waingereza husema wido, Warusi vdova. Akayapanga, akafuta herufi hii, akarudisha ile, mpaka likabaki widhewa. Mbele yake akachora nyota, kuonyesha kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia. Asili yake, alivyodhani, ni kutengwa. Nilimuuliza kwa nini katika maneno yote akachagua hili la msiba. Akasema ndilo alilolisikia sana kwao utotoni, baada ya vita.

Alichotaka sasa ni kusikia Wahindi wa leo wanalitamkaje, maana yeye alilijua vitabuni tu. Nikajipiga kifua. Mhindi wangu ninaye, nikamwambia, tena ukuta kwa ukuta.

Mtaa mzima tulimwita Masi, yaani mama mdogo kwa Kigujarati. Alikuwa mke wa sonara. Baada ya Mapinduzi ya mwaka sitini na nne kazi ya dhahabu ilidorora, mumewe akavuka kwenda bara kutafuta riziki. Salamu zilikuja kwa muda, kisha kimya. Jamaa zake wakahamia India mmoja mmoja, yeye akabaki. Mume akirudi atamkuta wapi, ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila aliyemshauri aondoke. Kila asubuhi alitia kwenye paji la uso alama yake nyekundu ya mke mwenye mume, na bangili zake za kioo, nazo za ndoa, zilisikika mpaka kwetu akikanda unga.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikamwamkia, nikamsimulia habari yote ya bibi wa lugha na wajukuu zake, kisha nikamwomba alitamke neno la mjane kwa Kigujarati. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

“Hilo halisemwi humu ndani, mwanangu. Mwenyewe yupo.”

Alivyolelewa yeye, mke akilitamka neno lile ndani ya nyumba ya mumewe huwa amekiita kifo. Nilimtaka radhi, nikainuka niende zangu. Yeye ndiye aliyenirudisha. Akauliza hilo la kwetu, mjane, je, nalo ni la ukoo huo? Nikasema hapana, halina undugu nalo hata chembe, limetoka nyumba nyingine kabisa. Nilifurahi kuwa na jibu. Leo nalijutia jibu lile kuliko upumbavu wangu wote wa ujana, nao haukuwa haba.

Miaka kadhaa ikapita. Kaka yake wa India alikuwa amezeeka, akamtumia nauli na kumwambia hatatuma tena. Masi akakubali. Alikuwa amechoka, na mtaani hakubaki mtu wa kuzungumza naye lugha yake. Nilimsindikiza kwenda kuomba ruhusa ya kusafiri. Bwana aliyekaa mezani hakuwa mkali. Alieleza tu kwamba mwanamke mwenye mume aje na mumewe, au idhini yake. Kisha akamuuliza Masi kama ana mume.

Masi alinigeukia. Nilijua anatafuta hakikisho langu, kwamba neno letu halina undugu na lile la kwao, nami nikatikisa kichwa kumkubalia.

“Mimi mjane,” akasema, kwa Kiswahili safi, na yule bwana akaandika.

Njiani aliniuliza tena kama nina hakika. Nikasema ninayo. Tulipofika kwake aliuegemea mlango, asiingie.

“Nawe unasema si ndugu,” akaniambia. “Mbona limenchoma vilevile?”

Akazigonga bangili kwenye mwimo wa mlango mpaka zikavunjika zote, kisha akafuta paji la uso kwa ncha ya sari. Habari ya kifo cha yule sonara ilikuwa haijafika, na mpaka leo haijafika. Lakini matanga yake yalikaliwa pale mlangoni, mchana kweupe, na aliyehudhuria ni mimi peke yangu.